Aliyeona, Aliyefungua, Aliyesoma

Kaeni vizuri, kila mtu aone uso wa mwenzake, maana mwisho wa habari hii mtabishana, na ni vizuri kujua unabishana na nani. Kazi yangu ni kusimulia. Kuamua nitawaachia ninyi.

Kulikuwa na chuo cha ufundi mjini Tukuyu, kule ambako mvua ikija haiagi. Hapo alifundisha mama mmoja wa makamo, Mwalimu Sekela, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na jambo. Pamoja na vipindi vyake vya darasani, alikuwa mlezi wa chama kidogo cha wanafunzi waliojifunza udukuzi. Si ule wa kuingia kwenye mali za watu, bali ule wa kujua mwizi angepitia wapi ili pazibwe mapema. Mwaka huo chuo chake kilialikwa Dodoma kwenye mashindano ya vyuo vyote vya ufundi. Kila chuo kilitakiwa kupeleka watu watatu, na Mwalimu Sekela akawapeleka hawa.

Wa kwanza alikuwa Zuberi. Kabla ya kuja chuoni alikaa miaka minne kwenye kibanda cha kutengeneza simu, Mbeya mjini, na kipaji chake kilikuwa mkono usiochoka. Mpe kitu kilichofungwa, kiwe simu au faili: atakizunguka, atajaribu huku, atajaribu kule, hatakiweka chini mpaka kiachie. Ndiye aliyekianzisha chama chenyewe, na karibu kila walichokijua wenzake walikipata kwake.

Wa pili alikuwa Gwakisa. Surua ilimwondolea macho akiwa na miaka mitatu. Kipaji chake kilikuwa kichwa kinachoshika: umsomee mistari hamsini ya programu, atakwambia wa thelathini na mbili una kosa. Kompyuta aliitumia kwa hedifoni, programu ikimsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Na alijua pia kuandika na kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa kidole. Kibao chake cha kuchomea nundu hizo hakikutoka begini mwake, hata alipokwenda kula.

Wa tatu alikuwa binti, Tusajigwe, wenzake walimwita Tusa. Huyu hakuwa hata mwanafunzi wa kompyuta, alisomea uchapaji. Baba yake alikuwa na studio ya picha, na tangu akiwa darasa la tano Tusa alikaa pembeni yake akisafisha picha za pasipoti: afute chunusi, anyooshe kola, atulize rangi ya nyuma ya mteja. Kipaji chake kilikuwa jicho. Aliingizwa kwenye timu siku nne kabla ya safari, mwenzao mmoja alipougua homa ya matumbo.

Zuberi hakupendezwa. "Mwalimu, huyu atatusaidia nini? Kupanga rangi?"

"Sheria inataka watu watatu," alijibu Mwalimu Sekela. "Atakaa kwenye kiti cha tatu."

Hakuwa na sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Nawaambia mapema kwa kuwa baadaye jambo hilo lilimkera mwenyewe.

Kulikuwa na zawadi. Timu itakayoshinda itapewa kombe, nalo kombe ni la kuweka kwenye kabati la mkuu wa chuo. Zawadi yenyewe hasa ilikuwa nyingine: nafasi moja, kwa mtu mmoja wa timu hiyo, kwenda Kigali kusomea ulinzi wa mitandao mwaka mzima, na akirudi kazi inamsubiri. Basini, kutoka Mbeya mpaka Dodoma, hakuna aliyeitaja nafasi hiyo ila mara moja. Tusa ndiye aliyeanza.

"Sasa tukishinda, anakwenda nani?"

"Tushinde kwanza," alisema Zuberi, akageukia dirisha. Na Gwakisa, ambaye kila mtu alidhani amelala, akasema, "Ndiyo. Tushinde kwanza."

Zilifika timu kumi na mbili. Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kuchujana, na siku ya tatu zikabaki nne, Tukuyu ikiwemo. Asubuhi hiyo ukumbini mtandao ulikatwa ili mtu asitafute majibu nje, walimu wakaketishwa nyuma ya kamba, hatua tano kutoka meza za wanafunzi wao. Waliruhusiwa kutazama na kusikiliza. Kunena hawakuruhusiwa, wala kukohoa kwa maana.

Saa nne kamili likatolewa fumbo la mwisho. Lilikuwa fupi: "Hizi ni picha arobaini za majengo. Ndani ya mojawapo yamefichwa maneno matatu. Yaandikeni. Mna nafasi tatu za kujibu, na muda wenu unaisha saa nane."

Hapa nisimame kidogo, asije mtu akaachwa nyuma. Picha ndani ya kompyuta ni shamba la vidoa vidogo mno, na kila kidoa kimeandikiwa namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Ukichukua namba moja, mia mbili kwa mfano, ukaiandika mia mbili na moja, jicho la mtu halitajua kama umegusa kitu. Basi mtu mjanja hupita kidoa kwa kidoa, akiongeza hapa na kupunguza pale kwa mpango anaoujua yeye, na katika tofauti hizo ndogo anaweka ujumbe. Picha inabaki picha. Anayeitazama anaona nyumba.

Zuberi akaanza na picha ya kwanza. Alikuwa na zana zake za kupekulia mafaili, zote alizozijua kwa majina na tabia, na kuipitisha picha moja kwenye zana zote kulichukua dakika ishirini. Mwalimu Sekela, nyuma ya kamba, akapiga hesabu kichwani: picha arobaini, dakika ishirini kila moja, ni zaidi ya saa kumi na tatu. Wao walikuwa na saa nne. Akajua Zuberi naye amepiga hesabu hiyo hiyo, na kwamba anategemea bahati.

Gwakisa alivaa hedifoni kisha akazivua. Picha haisomeki kwa sauti. Akaweka mikono mezani na kusikiliza vidole vya Zuberi kwenye kibodi.

Tusa hakupewa kazi. Alikaa robo saa nzima, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi meza ya jirani, "Naomba hizo picha nami nizitazame."

"Tazama," alisema Zuberi bila kugeuka.

Akazifungua kwenye kompyuta yake moja baada ya nyingine. Hakutumia zana yoyote. Alizikuza tu, akapita kwenye kuta, kwenye mabati, kwenye anga, kama alivyopita miaka yote kwenye mashavu ya wateja wa baba yake. Aliporudia mara ya pili alisimama kwenye picha ya kumi na tisa, duka lenye ukuta wa buluu, na akakaa hapo muda mrefu.

"Zuberi. Huu ukuta haujatulia."

"Haujatulia vipi?"

"Picha zote hizi kamera ni moja na jua ni moja. Nyingine ukikuza ukuta unabaki laini. Huu una chenga. Na chenga zenyewe ziko kwenye buluu peke yake, wekundu na kijani viko safi. Kamera haiwezi kuchafua rangi moja ikaziacha mbili."

Zuberi akageuka sasa. Akaitazama skrini yake, akasogeza uso karibu, akarudi nyuma. "Mimi sioni kitu."

"Najua huoni."

"Una uhakika?"

"Sina. Naona tu."

Zuberi alikuwa kwenye picha ya tatu, na kuhama maana yake ni kuacha kazi katikati. Gwakisa ndiye aliyesema, polepole, "Mbili umeshamaliza, hazina kitu. Kuna ubaya gani kujaribu hiyo ya kumi na tisa?"

Zuberi akahama.

Nataka mjue alivyofanya kazi, maana ni rahisi kusema "akaifungua" kama mtu anayefungua dirisha. Zana zake zote alizipitisha kwenye ukuta ule wa buluu na hazikutoa kitu. Saa tano ikapita. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba hizo zana zinasoma picha kama mtu anavyosoma kitabu, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na huenda aliyeficha hakuandika hivyo. Akaziweka kando na kuanza kuandika programu yake. Ya kwanza ilisoma kuanzia chini. Hakuna kitu. Ya pili ilisoma kwa nguzo badala ya mistari. Hakuna kitu. Ya tatu ilikwama, akaikagua, akaisahihisha, ikakwama tena. Saa sita ikapita. Timu ya pili kutoka kwao walikuwa wakicheka na kugongana mikono, hakuna aliyejua kwa nini. Zuberi hakuinua kichwa. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na Mwalimu Sekela aliona vidole vyake vikiwa pale pale kwenye kibodi hata alipokuwa haandiki.

Saa saba na dakika tano programu yake ya sita ikafika mwisho bila kukwama. Ilikuwa inapita nguzo moja na kuruka moja, kutoka chini kwenda juu, na kutoka kwenye ukuta wa buluu ikachomoa picha nyingine ndogo, nyeusi kwa nyeupe, iliyokuwa imelala humo ndani.

Tusa akaishika meza. Jicho lake halikumdanganya.

Lakini picha ile haikuwa na maneno. Ilikuwa na nukta. Vifungu kumi na vitatu vya nukta katika mstari mmoja, na nafasi mbili tupu katikati zikivitenga makundi matatu. Zuberi alisema haya lazima ndiyo maneno matatu: nukta nyeusi ni moja, pasipo na nukta ni sifuri, ndivyo kompyuta zinavyoandika. Akabadilisha kila kifungu kuwa namba, namba kuwa herufi, zikatoka herufi zisizotamkika. Akazipanga upya zikapata sura ya maneno, akajibu. Jibu likarudi jekundu. Akapanga kwa njia nyingine, akajibu. Jekundu. Ikabaki nafasi moja na dakika kumi na nane.

Hapo Mwalimu Sekela alimwona akitoa mikono kwenye kibodi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kuiweka mapajani.

"Hizo nukta," aliuliza Gwakisa, "zimekaaje?"

"Zimekaa sita sita."

"Sita sita vipi?"

"Kila kifungu kina nafasi sita, Gwakisa. Nyingine zina nukta, nyingine hazina." Alikuwa amechoka, na ilisikika.

"Nauliza zimepangwaje."

Tusa ndiye aliyejibu. "Mbili kwa upana, tatu kwenda chini."

Mwalimu Sekela, nyuma ya kamba, alimwona Gwakisa akifungua kiganja cha kushoto na kukigusa kwa kidole cha kulia, nafasi sita, mbili kwa upana, tatu kwenda chini. Mwalimu akaelewa alichoelewa mwanafunzi wake, na ikambidi ajifunge mdomo kwa mkono.

"Nisomee kimoja kimoja, Tusa. Anzia kushoto."

"Cha kwanza nukta moja tu. Juu, kulia."

"Peke yake?"

"Peke yake. Cha pili mbili, juu na katikati, zote kulia. Cha tatu kama cha kwanza."

Gwakisa akatikisa kichwa. "Hakuna herufi inayokaa hivyo. Herufi haiegemei kulia peke yake namna hiyo."

"Basi si nukta nundu," alisema Zuberi.

"Nyamaza kidogo."

Akainama. Zilipita kama sekunde ishirini, na kwa Mwalimu Sekela zilikuwa ndefu kuliko siku zote tatu. Kisha Gwakisa akaingiza mkono begini, akatoa kibao chake, karatasi ngumu na kijipini chake cha kuchomea.

Mtu anayeandika nukta nundu kwa mkono huchoma karatasi kwa upande wa nyuma. Huanzia kulia kwenda kushoto na kila herufi huichoma kinyume, ili akigeuza karatasi vinundu vitokeze upande wa pili na maneno yakae sawa. Asiyewahi kuchoma halijui hilo, hata akiwa na orodha ya herufi zote mkononi.

"Aliyetega huu mtego anajua kuandika," alisema Gwakisa. "Ameziweka kama mchomaji anavyoziona, si kama msomaji. Nisomee tena yote, usiruke hata nafasi tupu. Nitachoma kama unavyosema."

Tusa akasoma, Gwakisa akachoma. Juu kulia. Tak. Juu na katikati, kulia. Tak, tak. Zuberi alishika karatasi isisogee. Walipomaliza Gwakisa akaitoa, akaigeuza, akapitisha kidole mara moja, bila haraka.

"Chumba cha saba," alisema.

Vidole vya Zuberi vilikuwa tayari juu ya kibodi na havikushuka. "Ni nafasi ya mwisho. Una uhakika?"

"Asubuhi yote hii nimekaa hapa sina uhakika na kitu," alijibu Gwakisa. "Kwa hili ninao."

Zuberi akaandika. Jibu likarudi kijani. Zilikuwa zimebaki dakika sita, na timu nyingine tatu hazikupata mpaka kengele ilipolia.

Sitawasimulia shangwe. Mnajua vijana wakishinda wanavyokuwa. Nitawasimulia fomu.

Fomu aliileta msimamizi wa mashindano, Bwana Msigala, mtu mpole mwenye haraka. Ilikuwa ukurasa mmoja. Juu jina la chuo, chini sahihi ya mwalimu, na katikati mstari mmoja wa kuandika jina. Juu ya mstari huo palichapwa: "Nathibitisha kwamba huyu ndiye aliyechangia zaidi kupatikana kwa jibu."

"Naihitaji saa kumi, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Sekela aliisoma mara mbili. "Na kama hakuna aliyechangia zaidi?"

"Yupo siku zote."

"Naweza kuandika majina matatu?"

"Kiti ni kimoja."

"Wapige kura ya bahati, kwa kuokota vikaratasi?"

Bwana Msigala akamtazama kwa huruma kidogo. "Ukipiga kura ya bahati halafu ukasaini maneno hayo, Mwalimu, utakuwa umesaini uongo. Hilo siwezi kukushauri."

Mwalimu Sekela akatoka na fomu nje, kwenye ngazi za ukumbi, jua la Dodoma likiwa linachoma vigae. Vijana wake walikuwa kivulini mwa ukuta wakinywa soda. Akaenda kukaa nao, akawasomea mstari ule ulivyo, maana hakuwa na tabia ya kuwaficha kitu. Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wanaopendana na wanaotaka kitu kimoja.

Tusa akaanza. "Mimi sikufanya kazi, Mwalimu. Niliona tu."

"Bila kuona kwako tungekuwa bado kwenye picha ya kumi," alisema Gwakisa.

"Ya kumi na mbili," alisema Zuberi, na kidogo wakacheka. Kisha Zuberi akaweka chupa chini. "Mimi sitajifanya siitaki. Ninaitaka. Chama hiki nilikianzisha mimi tukiwa na kompyuta moja mbovu. Kutoka saa nne mpaka saa saba nani alikuwa anatoka jasho pale? Jicho la Tusa lilisema siri iko wapi. Sawa. Kidole cha Gwakisa kilisema siri ni nini. Sawa. Kila mmoja alifanya dakika zake. Lakini katikati hapo palikuwa na ukuta, na ukuta niliuvunja mimi."

"Na mara mbili ukajibu bila kutuuliza," alisema Tusa kwa upole. "Ungejibu ya tatu tungekuwa tunarudi Tukuyu mikono mitupu."

Zuberi hakukana. "Kweli. Nilikosea mara mbili. Anayefanya kazi ndiye anayekosea. Asiyegusa hakosei."

Tusa akaangalia vidole vyake. "Basi niseme na langu, kwa kuwa leo tunasema. Nilipoingia timu hii nilijua nimewekwa kujaza kiti. Hata wewe, Mwalimu, samahani, nilijua. Hamkunipa kazi. Kazi niliyoifanya niliitafuta mwenyewe na niliiomba. Zuberi alifanya alichotumwa kufanya. Gwakisa aliulizia kilichokuwa mezani. Mimi nilitafuta mahali ambapo hakuna aliyeniambia nitafute. Kama hilo halihesabiki, sawa."

Mwalimu Sekela alihisi uso wake ukipata joto ambalo halikuwa la jua.

Gwakisa alisubiri mpaka wenzake walipokwenda kurudisha chupa. Ndipo akamwita Mwalimu.

"Mwalimu, uko hapo?"

"Nipo, baba."

"Najua unafikiri nini. Unafikiri ukiniandika watasema mwalimu amemhurumia kipofu. Na usiponiandika watasema kipofu amesoma jibu, mwenye macho akapewa safari."

Mwalimu alikuwa amefikiri hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Naomba usiniandike kwa sababu sioni," alisema Gwakisa. "Na usiache kuniandika kwa sababu sioni. Pima nilichofanya. Palikuwa na watu wengi ukumbini wenye akili, na nukta zile zingeweza kukaa mbele yao mpaka kesho. Nilichofanya kilichukua dakika kumi. Lakini kujifunza kwake kulinichukua miaka kumi na tano, na hakuna aliyekuwa ananipigia makofi."

Akakunja karatasi ile yenye vinundu, akaitia mfukoni, akawafuata wenzake kwa sauti zao.

Mwalimu Sekela akabaki na fomu juu ya goti. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Akafikiri juu ya Tusa. Siri ilikuwa mbele ya macho ya timu nne na jicho moja tu ndilo lililoiona. Asiyejua pa kuchimba, jembe lake litamsaidia nini? Lakini kisha akajiuliza: kuona ni mchango, au ni mwanzo wa mchango? Na je, hasemi hivi moyoni kwa kuwa anataka kumlipa binti ambaye yeye mwenyewe alimdharau?

Akafikiri juu ya Zuberi. Kazi ndefu ilikuwa yake. Na hata hao wenzake wawili, walipofika pale, walifika kwa mafunzo yake. Lakini fomu haikuuliza nani alichoka zaidi, wala nani alianzisha chama. Iliuliza kuhusu jibu. Na jibu Zuberi alilikosa mara mbili.

Akafikiri juu ya Gwakisa. Maneno yale matatu yalitoka kinywani mwake. Angekuwa hayupo, nafasi ya tatu nayo ingerudi nyekundu. Lakini wa mwisho kwenye mstari ndiye huonekana amemaliza kazi, kwa kuwa wengine wamekwisha pita. Je, angekuwa na nukta gani za kusoma kama hazikuonwa, na kama hazikufunguliwa?

Akawapanga kwa njia zote alizozijua. Akamwondoa Tusa: hawakupata. Akamrudisha, akamwondoa Zuberi: hawakupata. Akamrudisha, akamwondoa Gwakisa: hawakupata. Kila alipomtoa mmoja, kombe lilibaki Dodoma.

Bwana Msigala akatokea mlangoni, akaonyesha saa yake kwa kidole bila kusema. Mwalimu Sekela akasimama. Akaiegemeza fomu ukutani, kwenye ukuta wenyewe wa ukumbi, akashika kalamu, akaandika jina moja, akasaini chini yake. Kijana mmoja alikwenda Kigali mwezi uliofuata, na wawili walimsindikiza mpaka stendi wakimbebea mizigo.

Jina lile ninalijua. Sitawaambia, maana nikilitaja mtanyamaza, na sikuwaita hapa mnyamaze. Fomu ni hii, muda ni saa kumi kasoro dakika moja, na wale watatu wako kivulini wanakusubiri utoke.

Basi wewe uliyekaa karibu na mlango, tuanze na wewe: ungeandika jina la nani?